Bipu ya Asubuhi: Kinachomfanya Mzee Adumu na Mazoezi

Wiki ya tatu mama aliacha mazoezi. Hakuniambia. Kila nilipompigia kutoka Mikumi kumuuliza, jibu lilikuwa, "Tunaendelea, mwanangu," kwa ile sauti ya mzazi asiyetaka kumvunja mtoto moyo.

Mama anaishi Kilosa. Umri wake umepita miaka 70 na magoti yamechoka kwa jembe. Nilikuwa nimemtafutia video za mazoezi kwenye intaneti, nikazituma kwenye simu ya mjukuu wake, nikaona nimemaliza kazi. Nilipofika kwake ndipo nikajua wapi palikatika. Mwalimu wa kwenye video aliongea Kiingereza na kulala sakafuni, na mama akilala chini, kuinuka ni shughuli. Video ilikula bando, na bando likiisha hakuna wa kuunga. Simu yenyewe iliondoka na mjukuu alfajiri. Zaidi ya yote, siku mama alipoacha, hakuna aliyejua.

Wengi wetu tukiona hivyo tunasema wazee ni wavivu. Mimi nasema mpango ndio uliokuwa mbovu, na mpango hurekebishika.

Kwanza, kwa nini nyumbani? Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza nchi nzima ifanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Mwito ule uliwatoa watu wengi majumbani, wakaingia barabarani. Lakini mguu wa mzee unadai zaidi ya siku moja kwa mwezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu wa miaka 65 na kuendelea afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za kutembea au kazi ya kutoa jasho kidogo. Na barabara zetu si za kila mzee. Mikumi imekaa juu ya njia kuu ya kwenda Iringa, malori hayalali, na tembo wa hifadhini hutoka hadi mashambani. Kilosa, masika yakishika, tope linateleza. Uani na sebuleni ndiko salama.

Dawa ya kuacha niliipata katika mpango uliotungwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Mzee hufanya mazoezi ya miguu nyumbani kwake kwa nusu saa hivi, mara 3 kwa wiki, na siku nyingine anatembea. Mwaka 2002 matokeo ya majaribio 4 yalijumlishwa, wazee 1,016 wa miaka 65 hadi 97: kuanguka kulipungua kwa asilimia 35. Sasa tazama ulivyoendeshwa. Mtaalamu alimtembelea mzee mara chache za mwanzo, akampimia zoezi kulingana na nguvu zake. Mzee aliweka alama kwenye kalenda. Na miezi ambayo hakutembelewa, alipigiwa simu. Huo ndio uti wa mgongo wa mpango: yupo mtu anayejua kama umefanya.

Tukaujenga upya kwa vifaa vyetu. Baada ya mtaalamu wa viungo kumwona mama na kuturuhusu, mjukuu alimrekodi bibi yake mwenyewe, uani kwake. Kiti kimeegemezwa ukutani. Mama amekunja mikono kifuani, anasimama bila kujishika, anakaa polepole, mara 5, anapumzika. Kisha anashika meza na kunyanyua visigino. Kisha anatembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mkono ukipapasa ukuta. Klipu 3 fupi, zimehifadhiwa kwenye simu, hazili bando tena. Kizunguzungu au kifua kikibana, anaacha hapo hapo. Baada ya wiki mbili alikuwa amezikariri, klipu zikabaki za kukumbushia.

Muda tuliufunga kwenye jambo lililokuwepo tayari: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maji ya chai yakiwa jikoni. Akimaliza anaweka alama kwenye kalenda ya ukutani, kisha anachukua kitochi chake na kunibipu. Bipu haina gharama. Saa tatu ikifika kimya, napiga mimi: "Shikamoo mama, leo sijakusikia." Simgombezi. Mara nyingine kulikuwa na msiba, mara nyingine goti limevimba, na hapo tunapunguza badala ya kusimamisha. Baadaye jirani yake wa rika moja akaingia, wakawa wanabipiana wenyewe. Huyo ananishinda mimi, maana akikosa bipu anavuka uzio kwenda kuangalia.

Wajapani walilijua hili zamani. Mazoezi ya redio yalianza kurushwa nchini kwao mwaka 1928 na hadi leo wazee hukusanyika asubuhi kuyafuata. Saa ni ile ile na jirani yupo pembeni. Kilosa kuna Radio Jamii Kilosa. Dakika 10 kwa Kiswahili, saa isiyobadilika, zingewafikia wazee wasio na simu ya kisasa wala mtoto wa kumbipu.

Wewe mwenye mzazi mbali, kabla ya kumnunulia simu mpya, kubaliana naye saa ya bipu. Kisha uilinde saa hiyo wewe kwanza. Mama alipoacha wiki ile ya tatu, mimi nilikuwa nimetangulia kuacha: nilituma video, nikaondoka. Siku hizi Jumatatu hainipiti bila kuangalia simu.