Nakshi kwa Pesa ya Nani?

Mtu wa kwetu Mingoyo akifika Mji Mkongwe, Zanzibar, hapiti nyumba ya Tippu Tip (alifariki 1905) bila kuupiga picha mlango wake. Nakshi ni nzuri, sikatai. Ila utajiri wa bwana huyo ulitokana na pembe za ndovu na watumwa, na watumwa wa kusini walisafirishwa kutoka Kilwa Kivinje, pwani yetu hii. Sisi tunaosoma sanaa husifu mkono wa fundi kana kwamba ujira wake haukutoka kwa mtu. Fundi naye ana watoto, ndiyo. Lakini milango ya matajiri wale haikuchongwa kufunga nyumba tu. Ilichongwa ili mpita njia amwogope na kumheshimu mwenye nyumba. Hiyo ndiyo kazi aliyolipwa fundi, na ingali inafanyika kila kamera inapoinuliwa.