Cannavaro wa Jangwani

Machi 1, 2014, tulijazana kwenye kibanda umiza hapa Kilwa Masoko, wengine wakinukia samaki maana walitoka baharini moja kwa moja. Yanga na Al Ahly, mabingwa wa Afrika. Dakika ya 82 Nadir Haroub akafunga. Beki! Bao moja, na benchi letu likavunjika mguu. Tulichangishana kulilipa, hakuna aliyenung'unika.

Marudiano kule Misri tulitolewa kwa penalti. Sitaki kuyasema sana.

Jina la Cannavaro Nadir alipachikwa kutokana na yule Mtaliano aliyenyanyua Kombe la Dunia 2006, lakini kwetu Mzanzibari huyu ndiye Cannavaro wa kwanza. Hakuwa na mbwembwe. Mpira ukija eneo lake uliondoka, basi. Mkono mmoja juu, akiwapanga wenzake kama nahodha wa jahazi anayewapigia kelele mabaharia tanga lishuke kabla ya dhoruba. Sisi wa pwani tunamjua mtu wa aina hiyo.

Taifa Stars aliiaga mwaka 2016. 2018 akatundika daruga kabisa na kuwa meneja wa timu palepale Yanga. Enzi hizo kamera ikipita kwenye benchi la ufundi tulimtafuta yeye kwanza.

Jezi yangu namba 23, kama yake, imepauka, njano imekuwa kama maziwa. Mke wangu aliigeuza dekio juzi. Nimeifua, nimeianika, leo jioni naivaa tena.