Pointi Tatu za Dublin: Namna ya Kuupima Uchambuzi wa Mechi ya Ufunguzi

Mara nne hadi mwaka 2025, uwanja wa Aviva jijini Dublin umepokea mechi ya kufungua msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani iliyokutanisha timu mbili za ligi moja. Mwaka 2016 Georgia Tech iliifunga Boston College 17–14. Mwaka 2022 Northwestern iliifunga Nebraska 31–28. Mwaka 2024 Georgia Tech ilirudi ikaifunga Florida State 24–21. Mwaka 2025 Iowa State ikaifunga Kansas State, nayo 24–21. Piga hesabu ya kutoa: mara zote nne jibu ni pointi 3, na pointi 3 ndiyo thamani ya teke moja linalopita katikati ya milingoti.

Mechi hizi zinatufaa sisi wa Dar es Salaam na Nairobi. Mechi ikianza saa 6 mchana ya New York, Dublin ni saa 11 jioni na huku kwetu ni saa 1 jioni, kwa hiyo mtu anaweza kuitazama bila kukesha. Ila kabla ya kuitazama huwa tunasoma uchambuzi, na uchambuzi wa mechi ya ufunguzi ni kazi ya mikono kama ilivyo kusuka mkeka au kuchonga mlango. Upo uliokazwa, upo uliolegea. Mwongozo huu ni wa kumsaidia msomaji kuujua mmoja na kuukwepa mwingine.

Kwanza tuelewe ugumu wa kazi yenyewe. Yanga na Simba tunawaona kwenye Wiki ya Mwananchi na Simba Day kabla ligi haijaanza. Tunamwona mchezaji mpya akigusa mpira, tunaanza ubishi. Vyuo vya Marekani havichezi mechi za kirafiki kabla ya msimu. Vinafanya mazoezi ya Agosti, kocha anasema anachotaka kisikike, kisha mechi ya kwanza kabisa ni mechi inayohesabiwa kwenye rekodi. Tena msimu wa kawaida una mechi 12 tu, hivyo kufungwa na mpinzani wa ligi siku ya kwanza ni kidonda cha mwaka mzima. Mchambuzi anaandika kuhusu timu ambayo hakuna aliyeiona. Kwa sababu hiyo usimpime kwa swali la nani alitabiri mshindi, kwani hata sarafu ikirushwa hupatia nusu ya mara. Mpime kwa swali hili: amekuonyesha pa kutazama?

Anaisomaje rekodi ya mwaka jana?

Hapa ndipo kazi mbovu inapojionyesha mapema. Florida State ilimaliza mwaka 2023 bila kufungwa hadi ilipotwaa ubingwa wa ligi yake, ACC, ikiwa imeshinda mechi 13. Aliyeishia hapo alikwenda Dublin 2024 akiwa na timu ya kutisha kichwani. Aliyeendelea kusoma alikuta kwamba kwotabeki wake, yaani mrusha pasi mkuu, Jordan Travis, aliumia mguu mwezi Novemba, kwamba timu iliachwa nje ya mchujo wa kuwania ubingwa wa taifa, na kwamba ilipopelekwa kwenye mechi ya Orange Bowl ikiwa pungufu ya wachezaji wengi ilichapwa 63–3 na Georgia. Halafu wachezaji wake 10 wakachaguliwa na timu za kulipwa za NFL. Rekodi ya 13 kwa 0 ilikuwa ya watu waliokwisha kuondoka.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na ndio unaopima fundi. Nebraska ya mwaka 2021 ilishinda mechi 3 na kufungwa 9, lakini hakuna hata moja kati ya hizo 9 iliyopotea kwa zaidi ya pointi 9. Na Northwestern, mpinzani wake wa Dublin mwaka uliofuata, aliwahi kupigwa na Nebraska hiyohiyo 56–7. Mchambuzi mvivu alichukua 56–7 akafunga daftari. Mchambuzi wa kati alisema Nebraska ilikosa bahati, na bahati hugeuka. Fundi aliuliza swali linalouma: kufungwa kwa tofauti ndogo mara tisa ni bahati mbaya au ni tabia? Kisha akarudi kwenye mechi zenyewe. Katika mechi ya kufungua msimu wa 2021 dhidi ya Illinois, mpokeaji wa mateke wa Nebraska aliuokota mpira karibu kabisa na mstari wa goli lake, akajikuta ameipa timu pinzani pointi 2; na mpiga teke akakosa yale mateke mepesi ya pointi 1 yanayofuata tachidauni, si mara moja bali mara mbili. Nebraska ikafungwa 30–22. Mtu anayeona hayo yakijirudia msimu mzima hasemi tena neno bahati. Anamwelekeza msomaji kwenye mguu.

Na Dublin 2022 ikawa hivyo. Nebraska ikiongoza 28–17 katika robo ya tatu, kocha Scott Frost aliagiza teke fupi la kushtukiza ili timu yake iudake mpira tena. Northwestern wakaudaka, wakafunga, wakageuza mechi. Ajabu ni kwamba Northwestern haikushinda mechi nyingine yoyote msimu ule. Ilimaliza 1 kwa 11. Frost naye alifukuzwa kazi mwezi uliofuata.

Anajua nani amebaki?

Tangu mwaka 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuhama na kucheza bila kukaa nje mwaka mmoja, hivyo vikosi hubadilika kila mwaka kama kwenye soko la usajili. Uchambuzi dhaifu huorodhesha majina mapya kama mtu anayesoma risiti. Uchambuzi imara huunganisha jina na kazi. DJ Uiagalelei alifika Florida State akiwa amecheza Clemson na Oregon State. Kusema tu kwamba ana uzoefu hakutoshi. Swali la maana ni hili: anamrushia nani? Keon Coleman na Johnny Wilson, warefu waliokuwa wakizifuata pasi za juu mwaka uliotangulia, walikuwa wamekwenda NFL. Upande wa pili Georgia Tech ilikuwa na rekodi ya 7 kwa 6 isiyomshtua mtu, lakini kwotabeki wake Haynes King na mkimbiaji wake Jamal Haynes walikuwa walewale, kwa kocha yuleyule. Katika mechi ya kwanza, watu wawili waliozoeana wanaweza kushinda nyota watano wanaofahamiana kwa majina tu. Mchambuzi anayelijua hilo hulisema, na husema ni akina nani.

Anaanzia chini au juu?

Geuza ukurasa utafute aya inayowahusu wale watu watano wa mstari wa mbele, wanaomkinga kwotabeki na kumfungulia njia mkimbiaji. Hawashiki mpira, hawapigwi picha, na wao ndio mechi. Kama uchambuzi umetumia nusu ya maneno yake kwa kwotabeki na kuwapa hawa sentensi moja, uweke pembeni.

Kuwataja peke yake pia hakutoshi, na Dublin 2024 ilitoa somo kwa wachambuzi wazuri. Florida State ilikuwa na mstari wenye wakongwe, na waliouandika kama nguzo ya timu walikuwa na sababu. Hata hivyo siku ile Georgia Tech ilikimbia na mpira yadi 190 dhidi ya 98 za wapinzani wake. Zikiwa zimebaki dakika 6 na ushei, ubao ukisoma 21–21, Georgia Tech ilichukua mpira na haikuurudisha tena. Yadi chache, kisha yadi chache tena. Saa inakwenda, walinzi wa Florida State wanasukumwa nyuma hatua kwa hatua, wanainuka polepole zaidi kila mara. Ilipobaki nafasi ya mwisho Aidan Birr aliingia, akapiga teke la yadi 44, na mechi ikaisha mpira ukiwa hewani. Mchambuzi aliyeandika kwamba umri wa mstari si sawa na nguvu za mstari, na kwamba tuuangalie katika robo ya nne, alikuwa amempa msomaji wake ufunguo wa mechi, hata kama chini ya ukurasa alitabiri ushindi wa Florida State.

Anamjua mpiga teke?

Baada ya hesabu niliyoanza nayo, kipimo hiki ni chepesi. Mechi ya ligi kati ya timu zinazofahamiana, mapema kabla mashambulizi hayajakaa sawa, ina kila sababu ya kuwa ya kubanana. Uchambuzi wa mechi ya namna hiyo lazima uwe na mpiga teke wa magoli, mpiga teke la kuondosha mpira, na mpokeaji wake. Ukitaka alama ya juu zaidi, tafuta kama mwandishi ameangalia hali ya hewa. Dublin ya Agosti si Kansas ya Agosti. Mvua na mpira uliolowa humsumbua mpokeaji kuliko mtu yeyote uwanjani.

Anazitumiaje namba za kubashiri?

Kwa ufupi: kama kiungo, si kama chakula. Kampuni za kubashiri ziliipa Nebraska ya 2022 na Florida State ya 2024 nafasi ya kushinda kwa zaidi ya pointi 10 kila moja, na zote mbili zilifungwa. Namba hizo zinakuambia watu wanaamini nini. Mchambuzi mzuri huzitaja, kisha hueleza kwa nini anakubaliana nazo au anazikataa. Anayezitaja na kunyamaza amekopi bei ya sokoni bila kuionja bidhaa.

Jaribio la penseli

Sasa chukua penseli. Soma uchambuzi sentensi moja baada ya nyingine, na kila sentensi inayoweza kuhamishiwa timu nyingine bila kubadilika, ikate. Kwa mfano nimeunda mbili:

"Vijana hawa wana njaa ya ushindi na kocha wao ana mipango."

"Georgia Tech watakimbia katikati kwenye jaribio la kwanza; wakipata yadi 4 au zaidi mara kwa mara kabla ya mapumziko, Florida State watachoka mwishoni."

Ya kwanza unaweza kuipa timu yoyote duniani, ikate. Ya pili ina jina, ina mahali, ina kipimo, na ina kitu kimoja ambacho waandishi wengi hukiogopa: inaweza kukosea mbele ya macho ya kila mtu. Ukiwa sebuleni na runinga iko wazi unaweza kuhesabu mwenyewe. Mwandishi aliyekupa sentensi ya aina hiyo amekuheshimu. Ukimaliza ukurasa ukakuta robo tatu ya sentensi zimekatwa, ulichosoma ni salamu. Ukikuta nusu zimebaki, umepata fundi; shika jina lake.

Angalia pia maneno ya kujikinga. "Lolote linaweza kutokea" ni kweli kila siku na haimfai mtu siku yoyote. Fundi akiwa na shaka huipa shaka yake mahali pa kukaa: sina hakika na mkingaji wa upande wa kulia, kwa sababu huyu ni mgeni na mwaka jana alikuwa benchi.

Asubuhi ya baada ya mechi

Kipimo cha mwisho wachache hukifanya, nacho ndicho kinachomaliza ubishi. Asubuhi baada ya mechi, urudie uchambuzi ule uliousoma jana. Usianze na matokeo yaliyotabiriwa. Yafunike kwa kiganja. Soma mwili wake na ujiulize ni mara ngapi, ukiwa unatazama, ulisema moyoni: hili niliambiwa.

Mwaka 2025, dakika za mwisho, Iowa State ilikuwa mbele 24–21 na ilikuwa karibu na goli la Kansas State, jaribio la nne, yaani la mwisho kabla ya kuuachia mpira, yadi 3 za kutafuta. Teke la pointi 3 lilikuwa mkononi. Lingeifanya 27–21, na tachidauni moja ya Kansas State pamoja na teke lake la pointi 1 vingetosha kuigeuza. Kocha Matt Campbell alilikataa teke. Rocco Becht akampasia Carson Hansen, yadi zikapatikana, na Kansas State hawakuugusa mpira tena.

Aliyeisoma mechi ile kwa mwandishi anayefuatilia kocha anafanya nini kwenye jaribio la nne alikaa mbele kwenye kiti kabla mpira haujachezwa, akijua swali ni lipi. Aliyesoma salamu alisubiri teke. Hao wawili walitazama runinga ileile, saa ileile, na mmoja wao peke yake ndiye aliyeiona mechi.