Kuhama kwa Redio ya Zimamoto

Wazee wetu waliziita simu za upepo: zile redio nzito za kwenye magari ya polisi na zimamoto, zenye maikrofoni ya waya uliojisokota kama springi. Nyingi ziliundwa zidumu kuliko gari lenyewe. MASTR II ya General Electric, iliyotoka Lynchburg, Virginia, kuanzia miaka ya 1970, ni mfano nisiouchoka. Bodi zake zimetengana, kila moja na kazi yake, na mtu mwenye bisibisi moja anaifungua na kuifunga bila kuvunja kitu.

Kilichozistaafisha si ubovu. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwataka wenye leseni za biashara na za usalama wa umma wa VHF na UHF wabane njia zao kutoka kilohezi 25 hadi 12.5, mwisho ukiwa 1 Januari 2013. Redio inayosikia na kusema vizuri ikalala halali, ikaamka haramu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalitokea yaleyale, njia zikabanwa, na redio za teksi zikaishia mezani kwa wanaredio wa ridhaa. Hawa hawakuguswa na amri hizo za kubana njia, na leseni yao inawapa ruhusa asiyokuwa nayo dereva wa teksi: kufungua transmita yao wenyewe na kuibadilisha.

Safari yenyewe ni fupi. Tuseme redio ilikuwa ya zimamoto, megahezi 154.28, na inatakiwa ishuke hadi 146.94, ndani ya mkanda wa mita 2, ambao kwa Wamarekani ni 144 hadi 148. (Kwetu Afrika Mashariki mkanda huo unaishia 146, kwa hiyo namba hii usiiige.) Ndani ya transmita kuna kristali, kijipande cha kwazi kinachotetemeka kwa mwendo wake mmoja, na saketi zinazofuata huuzidisha mtetemo huo mara 12. Gawanya 154.28 kwa 12, unapata 12.8567. Gawanya 146.94, unapata 12.245. Tofauti haifiki hata megahezi moja. Fundi mwenye pupa hudhani kazi ni kuchomoa kristali na kuchomeka nyingine, kama abadilishaye balbu.

Wapi! Kila koili inayofuata imeshazoea 154. Usipoifundisha upya, nguvu inakufia njiani.

Hapo ndipo penye utamu. Unachukua bisibisi ya plastiki, maana ya chuma ikikaribia koili tu imeshaivuruga. Unachomeka mita kwenye soketi ya kupimia, iliyowekwa makusudi na wahandisi waliojua kwamba kuna siku mtu mwingine atakaa mbele ya kazi yao. Unazungusha kiini cha koili ya kwanza. Sindano imelala. Robo mzunguko, bado imelala. Kisha inatikisika, inapanda, inapanda, inasita. Unaendelea kidogo mpaka ianze kushuka, ndipo unarudi, maana kilele hukijui mpaka ukipite. Koili ya pili. Ya tatu. Halafu unarudi tena ya kwanza, kwa sababu ya pili imeisogeza. Viini vyenyewe ni vya feraiti, vikavu kama chaki, na baada ya miaka arobaini vingine vimeganda. Mimi nilipasua kimoja jioni moja kwa kutaka kumaliza kabla ya chakula, koili nzima ikaenda na maji.

Mara nyingine kiini kinafika mwisho wa uzi na sindano bado inapanda. Kilele kipo, ila koili haikifikii, kwa sababu redio iliundwa kwa ajili ya 150.8 hadi 174. Dawa yake ni kapasita ndogo ya pikofaradi chache, inayolehemiwa sambamba na ile ya zamani. Mwanagenzi huongeza kapasita kwenye kila koili. Fundi huongeza kwenye ile iliyoishiwa tu, akafunga kifuniko. Kwenye upande wa kupokea ana adabu zaidi. Pale mbele kuna vyumba vya chuma vyenye koili nene ndani yake, vinavyozuia kelele za majirani wenye transmita kubwa mlimani. Vile huvitega upya, basi. Sijaona aliyevirekebisha kwa werevu wake mwenyewe vikawa bora kuliko vilivyotoka kiwandani.

Kazi kubwa zaidi ni kuigeuza redio hiyo kuwa ripita, isikie 146.34 na papo hapo irudie 146.94. Redio ya garini iliundwa iseme kwa sekunde chache, isikilize siku nzima. Ripita inaweza kusema saa nzima bila kupumzika. Fundi mwenye akili anapunguza nguvu hadi sehemu ndogo ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko, anaongeza feni, na haoni aibu. Anayejivunia wati ndiye anayenunua transista.

Kristali ndiyo imekuwa tabu. Kwa miaka mingi mafundi walituma kidude kizima cha kristali kwa posta hadi Oklahoma City, kwa International Crystal Manufacturing, kikarudi na kwazi mpya iliyorekebishwa isiyumbe kwa joto wala baridi. Kampuni hiyo ilifunga 2017. Siku hizi wengine huilisha redio kwa saketi inayozalisha masafa kwa hesabu. Inafanya kazi, ila saketi mbovu huleta kelele ambazo kristali haikuwa nazo, na ripita huzisikia kabla yako.

Ukibahatika kupata redio ya namna hii mnadani, pima kwanza kila soketi ikiwa bado iko kwenye masafa yake ya zamani, uandike namba. Kristali ya zamani itie kwenye kibahasha, ubandike ndani ya kifuniko. Siku ukikwama hujui kama kosa ni lako au la redio, irudishe na ulinganishe. Lakini chomoa eriali, weka mahali pake mzigo bandia, unaomeza nguvu bila kuirusha hewani. Masafa yale bado ni ya zimamoto.