Langston Hughes na Usiku wa Montmartre: Mbona Riwaya Zetu za Majuu Hazinogi?

Vijana wenzangu wa kalamu, naomba nianze kwa kujisema mwenyewe. Katika muswada wa riwaya ninayoiandika ipo sura ya 4 inayotokea Ulaya. Shujaa wangu anashuka kwenye teksi, taa za rangi zinamwakia usoni, muziki unadunda, warembo wanamgeukia, anaagiza kinywaji cha bei mbaya, mara kumekucha. Kurasa 11! Nikajiona nimemaliza kazi. Mshikaji wangu mmoja akazisoma, akaniuliza swali moja tu: "Sasa huyu jamaa hela anatoa wapi?" Nilinuna wiki nzima.

Jibu nimelipata katika The Big Sea, kitabu cha Langston Hughes kilichotoka mwaka 1940. Nimekisoma kwa Kiingereza, nakala ya kuazima, kamusi pembeni. Hughes, Mmarekani Mweusi, si mtu wa mbali sana nasi: mwaka 1962 alifika Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Kitabu hiki ni masimulizi ya ujana wake, na hapa nitazungumzia sehemu ya Paris tu, mwaka 1924, katika mtaa wa Montmartre.

Kwanza mtaa wenyewe. Montmartre ni kilima upande wa kaskazini wa jiji, na chini yake, Pigalle, ndiko zilikojaa klabu za usiku. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanamuziki Weusi kutoka Marekani walihamia pale na jazi yao, wengine wakiwa askari waliobaki Ufaransa. Watalii wa Kimarekani nao walimiminika, maana kwao pombe ilipigwa marufuku tangu 1920, na dola yao ilinunua faranga nyingi. Basi Mmarekani anavuka bahari, analipia shampeni, anamshangilia mpiga ngoma ambaye katika majimbo ya kusini ya nchi yake sheria ingemkataza kuketi naye meza moja. Starehe ya namna hiyo ina maswali ndani yake, hata kabla mwandishi hajatia neno.

Hughes naye ni msafiri, ila wa aina ya mabaharia wetu wa kuzamia. Aliacha kazi ya meli huko Rotterdam, akapanda treni, akaingia Paris na dola 7 mfukoni. Tazameni anavyolipanga jambo lake. Habari ya taa anaiweka kando kwanza, anatupa njaa. Anatupa Sonya, mcheza dansi wa Kirusi aliyekuwa hana kitu kama yeye, wakachangia chumba ili kuokoa hela. Kazi ya kwanza anayopata ni ubawabu wa klabu, faranga 5 kwa usiku pamoja na chakula, na kumbe bawabu anatakiwa pia kuamulia ugomvi! Shampeni inapokuja kupita mbele yetu, sisi wasomaji tumeshaijua faranga 5, tunaipigia hesabu kila glasi. Hapo ndipo nilipolikumbuka swali la mshikaji wangu.

Kisha anahamia Le Grand Duc, klabu yenye meza chache, iliyosimamiwa na Eugene Bullard, yule Mmarekani Mweusi aliyerusha ndege za jeshi la Ufaransa vitani. Hughes anaosha vyombo. Usiku wa Paris anausikilizia jikoni, ubavuni mwa Bruce, mpishi mwenye jicho moja. Siku moja anafika mwimbaji mpya kutoka Marekani, Ada Smith, maarufu kwa jina la Bricktop. Anauona ukumbi ulivyo mdogo, machozi yanamtoka. Anayembembeleza ni muosha vyombo wetu. Bricktop huyo huyo baadaye alifungua klabu yake mwenyewe, matajiri wakapigana vikumbo mlangoni. Mwandishi mwingine angetuanzia na hao matajiri. Hughes katuanzia na machozi kwa sababu alikuwepo.

Msinielewe vibaya, jamaa hahubiri. Anastarehe kweli, na anataka nasi tustarehe. Usiku wake mtamu ni alfajiri, wanamuziki wa klabu nyingine wanapomaliza vibarua vyao na kukusanyika Le Grand Duc, wakapiga kwa raha zao. Wenye pesa wengi wameshakwenda kulala. Anayebaki kusikia muziki ule ni mtu mwenye mikono iliyolowa maji ya sabuni.

Kasoro zipo. Wafaransa wenyeji wa mtaa ule hawaonekani sawasawa, wanapita kama vivuli. Sonya anaondoka mapema mno, na hatupati kujua moyoni alikuwa na nini. Halafu Hughes anacheka kupita kiasi. Aliandika miaka 15 na zaidi baada ya mambo yenyewe, na nadhani njaa ilikuwa imeshageuka hadithi. Claude McKay, katika Banjo, riwaya yake ya 1929 kuhusu mabaharia Weusi pale bandarini Marseille, ana hasira zaidi, na njaa yake inauma. Lakini McKay mwenyewe ametangaza pale chini ya jina la kitabu kwamba ni hadithi isiyo na msuko, na kweli, mimi katikati nilichoka.

Sasa nirudi kwangu. Ile sura ya 4 niliichota kwenye picha za kaka yangu aliyeko Ulaya: koti safi, nyuma yake mlango wa klabu unawaka. Baada ya kumsoma Hughes nikampigia simu, nikamuuliza huwa anaingilia mlango ule? Akanyamaza kidogo. "Ule wa nyuma, mdogo wangu. Naingia saa kumi na moja jioni, natoka kumekucha." Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza, na nilikuwa najiita mwandishi.

Zile kurasa 11 nimezichana. Sura mpya inaanzia kwenye sinki la vyombo, na mpaka sasa ina kurasa 3 tu. Wenzangu mnaotuletea hadithi za majuu, mwambieni msomaji shujaa wenu anapata wapi nauli, na nani anafuta meza akishaondoka. Anayeona nimepotoka na ajibu, ukurasa huu ni wetu sote.