Upatanisho wa Kisarufi katika Visanduku vya Ujumbe

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, ipo kasoro inayozinyemelea tafsiri za namna hii. Mtunzi wa programu huandika kauli moja, tuseme "imefutwa", kisha kompyuta hutia jina mbele yake. "Picha imefutwa" ni sahihi. "Waraka imefutwa" na "jedwali imefutwa" ni makosa.

Watakuwapo watakaosema kwamba Kitale na Bungoma upatanisho hulegezwa katika mazungumzo, hivyo msomaji wa huko hatajali. Hoja hii haina uzito. Kibukusu, kisemwacho Bungoma na Trans Nzoia, nacho ni lugha ya ngeli. Mwenye lugha hiyo hulihisi kosa. Tena, neno la sokoni hupita, bali kisanduku hulirudia kosa kila siku mbele ya mwanafunzi.

Mfasiri peke yake hawezi kuliponya. Sharti mtunzi aandike sentensi kamili kwa kila jina. Msimbo wa programu huria u wazi; basi wanaisimu nao waushike kalamu mkononi.