Fundi Asomaye Mpango

Fundi wa hifadhidata ninayemheshimu husoma kwanza. Ripoti imekwama, watu wanasubiri, simu zinaita. Yeye anaandika EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali lililochelewa, ili mashine iliendeshe na kuonyesha mpango ilioufuata, kisha anatulia na mpango huo, mstari kwa mstari.

Ufundi huu una ukoo. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data ikae kwenye majedwali, na mtu aseme anataka nini bila kueleza ipatikane vipi. Mzigo wa kutafuta njia ukaiangukia mashine. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wakaonyesha namna ya kuubeba: ikadirie gharama ya kila njia, ichague iliyo nafuu. Kazi hiyo ni nzito mno, kwani majedwali 10 yakiunganishwa moja baada ya jingine yana mipangilio 3,628,800.

Roho ya mambo ni hayo makadirio. Tuseme wateja ni 100,000. Mmoja katika kila 20 yuko Mkoa wa Mwanza, mmoja katika kila 50 yuko Wilaya ya Nyamagana. Ukiweka masharti yote mawili, mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL huzidisha sehemu hizo na kutarajia wateja 100. Wanatokea 2,000, maana kila aliye Nyamagana yuko Mwanza tayari. Mtoto wa shule pale Mwanza analijua hilo, mashine hailijui. Kwa kudhani ni wachache, huamua kumchukua mteja mmoja mmoja na kumtafutia oda zake, kisha malipo ya kila oda, na kosa la mara 20 huingia muunganiko wa pili likiwa zima, likakutana na makosa mengine huko. Pengine ingekuwa nafuu kulisoma jedwali la oda mara moja tu na kulinganisha kwa heshi (hash join).

Nalipenda hasa suluhisho la kosa hili. Tangu toleo la 10 ipo amri ya CREATE STATISTICS, inayoielekeza mashine ichunguze jinsi safu za mkoa na wilaya zinavyotegemeana. Ukifuatisha amri ya ANALYZE, inayokusanya takwimu upya, njia inaweza kubadilika bila swali kuguswa hata neno moja.

Ripoti ikikwama, wengi hukimbilia faharasa, na mara nyingi wana haki: PostgreSQL haiweki faharasa yenyewe kwenye safu ya ufunguo wa kigeni, hivyo safu ya mteja katika jedwali la oda huachwa bila faharasa. Lakini kila faharasa hudai kazi ya ziada kila oda mpya inapoingia. Fundi huyu huiongeza akiwa na sababu, na huifuta isiyotumika.

Kisha anaendesha swali tena, na kabla ya kutazama muda anaangalia kama makadirio yameikaribia idadi halisi. Yakiwa bado mbali, kasi ya leo ni bahati tu, na oda zikiongezeka mwisho wa mwezi ripoti itakwama upya.